Rafu ya Waliokuwepo

Kitabu kisicho na kibandiko hakina kwao. Hivyo ndivyo mkutubi alivyofundishwa siku alipoajiriwa, na hivyo ndivyo naye alivyowafundisha wote waliokuja baada yake. Kibandiko cha kijani kilikuwa cha riwaya, cha kahawia cha maisha ya watu, cha buluu cha mashairi, cha manjano cha watoto, na cheupe kilikuwa cha vitabu vya kazi, kuanzia kufuga kuku hadi kuunga nyaya za umeme. Kila kibandiko kilikaa chini ya mgongo wa kitabu, vidole viwili kutoka ukingoni. Kidole kimoja hakikutosha na vitatu vilizidi. Wenzake walimwita Mizani. Hakukasirika, maana aliona ni jina linalomfaa mtu wa kazi yake.

Kwamba rangi ile ndogo ilikuwa na nguvu kuliko jalada lote, maktaba nzima ilikuwa na ushahidi. Karani wa mapokezi, ambaye walimwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kuona swichi yake ya kuzimia, aliwahi kubandika kijani kwenye kitabu cha ufugaji wa nyuki. Kitabu kikazunguka mtaani msimu mzima wa mvua. Mwishowe muuza mboga mmoja akakirudisha, uso ameukunja.

"Huyu malkia kafa mapema mno," alilalamika. "Na wale madume wanafukuzwa nyumbani hivihivi, bila hata kikao cha ukoo. Sehemu ya pili ipo?"

Redio alicheka hadi akatafuta kiti. Mizani hakucheka. Alikibandua kile kijani, akaweka cheupe, na tangu siku hiyo hakuna aliyekiazima isipokuwa wafuga nyuki, na hao hawakumlilia malkia. Neno halikuwa limebadilika hata moja. Mizani akahitimisha kwamba msomaji hufungua kitabu akiwa ameshaamua atalia wapi na atatoa kalamu wapi, na anayemwamulia ni yule mwenye gundi. Kwa hiyo mwenye gundi hana ruhusa ya kukosea. Alijiwekea kanuni: kitabu chenye jambo moja la kubuni kwa makusudi, hata kama mengine yote ni kweli, kinakwenda kwenye kijani.

Kanuni hiyo haikuwahi kumsumbua mpaka baba yake alipoandika kitabu.

Baba yake alikuwa fundi bomba, sasa mstaafu, ingawa mtaa wake ulikuwa haujakubali kwamba amestaafu. Alikuwa na tabia moja iliyojulikana kote: akimaliza kuunga bomba hakuondoka mpaka apitishe kidole chini ya kiungo, akitazame kidole kwa makini, kisha aseme, "Pakavu." Ndipo alipofunga mkoba. Hata alipokuja maktabani kumjulia hali binti yake, alipita kwanza kwenye bomba la kunawia mikono koridoni, akapitisha kidole.

Mke wake, mama yake Mizani, alikuwa fundi cherehani. Alifariki wodini baada ya kuugua kwa muda. Matanga yalipokwisha, mzee alinunua karatasi, akakaa mezani, akaandika. Mchapaji mmoja wa karibu na soko akamtengenezea nakala chache zenye jalada la kijivu. Akaleta mbili maktabani, akamkabidhi binti yake kwa mikono miwili.

Kitabu kilikuwa kizuri, na Mizani alilisema hilo kama jambo lililopimwa. Mzee aliandika kama alivyounga mabomba, bila mapambo, kila kipande mahali pake. Alieleza jinsi alivyoitwa kuziba bomba lililopasuka kwenye kibanda cha cherehani, akamkuta binti mmoja amesimama juu ya kiti, vitambaa vya wateja amevikumbatia kama watoto wanaookolewa na mafuriko. Alieleza alimwambia nini, naye akajibiwa nini, na jibu halikuwa la kujivunia. Hakutia chumvi popote. Mizani alihakikisha kwa shangazi yake. Shangazi alisema yote ni kweli, ila hilo jibu lilikuwa kali zaidi.

Tatizo lilikuwa sura ya mwisho. Humo mama alipona. Aliteremka kitandani, akavaa viatu vyake vya ngozi, akarudi nyumbani. Wakahamishia kitanda upande wa dirisha, wakaupaka mlango rangi ya maziwa, na yeye akashona pazia jipya la sebuleni. Kitabu kiliishia pale.

Mizani alikuwa ameisoma sura hiyo mara moja tu, upesiupesi, kama mtu anayevuka barabara kuu. Kisha akakiweka kitabu pembeni mwa meza yake, bila kibandiko, na siku zikapita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako umeshampanga?"

Walikuwa wawili tu katika chumba cha nyuma, kile cha gundi na mihuri. Mzee alibaki amesimama.

"Bado."

"Kitabu kimoja tu, mama. Mimi kwa muda huo ningekuwa nimeshaunga mtaa mzima, na choo cha shule juu yake."

"Sura ya mwisho, baba."

"Ina nini?"

"Haikutokea."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni riwaya. Kinakwenda kwenye kijani."

"Huko kwenye kijani wanakaa watu gani?"

"Watu waliobuniwa."

"Ambao hawakuwepo."

"Ndiyo."

"Mama yako alikuwepo."

"Najua alikuwepo, baba. Alinizaa."

"Basi ushahidi unao, tena umeukalia." Alitaka kutania, lakini sauti haikumsaidia. "Unataka mtu apite pale, aone kijani, aseme aha, huyu fundi cherehani katungwa? Hakuwa na mkono? Hakuwa na ukali? Rafu ya pili, kwenye kahawia, wapo waliokuwepo, unamnyima nafasi?"

Mizani alikuwa amelifikiria jambo hilo, na alikuwa na jibu la haki. "Toa sura ya mwisho. Tunakata kurasa zile, mshono wala hauharibiki. Nakibandika kahawia sasa hivi, mbele yako."

Baba yake alimtazama kama mtu aliyeambiwa akate bomba maji yakiwa yamefunguliwa.

"Nikiitoa hiyo," alisema, "anabaki wodini."

Akachukua kofia yake, akatoka. Pale koridoni alilipita lile bomba la kunawia bila hata kulitazama, na kwa hilo Mizani akajua kwamba amemuumiza. Wiki ile hakuja. Wala iliyofuata. Alipompigia simu alijibu vizuri, akamwuliza afya, akamwambia na yeye ni mzima, akamtakia kazi njema. Alikuwa na adabu kama anazungumza na mteja.

Mtu mwingine angebandika rangi yoyote, yaishe. Mizani hakuweza, na si kwa ukaidi. Yeye ndiye aliyekuwepo asubuhi ile wodini. Alikuwa ameshika taulo lenye unyevu, na aliuona uso wa mama ulipoacha kuwa wa mtu anayesikia. Kubandika kahawia ilikuwa sawa na kutia sahihi kwamba asubuhi ile haikuwepo. Kubandika kijani, ni mama ambaye hakuwepo. Kati ya hayo mawili gundi ilikauka kwenye brashi.

Hali ilikuwa hiyo Redio alipoingia chumba cha nyuma na kitabu cha kijivu mkononi. Ilikuwa nakala ya pili, ambayo ilikuwa imeachwa kwenye kigari pamoja na riwaya zinazosubiri kurudishwa rafuni.

"Dada Mizani, huyu mtu anajua kutunga!" alisema kabla mlango haujafungika. "Sijui kwa nini hatujawahi kumsikia. Yule binti juu ya kiti na vitambaa! Nimecheka peke yangu nyumbani mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Ila mwisho kaniangusha. Mimi nimesoma riwaya nyingi, mtu akianza kukohoa tu, nachimba kaburi. Nikajiandaa. Leso mkononi. Halafu mwandishi anaogopa! Mama anapona, wanapaka mlango! Nikasema ah, huyu bwana kalainika. Kaharibu."

"Ni baba yangu," Mizani alisema.

Jina la kwenye jalada lilikuwa lile kamili, ambalo hakuna aliyemwitia mzee isipokuwa serikali. Redio alilitazama jalada upya.

"Fundi? Mzee wa 'pakavu'?"

"Ndiye. Na ni kweli yote. Isipokuwa hapo mwisho."

Redio alinyamaza. Jambo hili lilikuwa nadra, na Mizani aliliona kwa macho yake. Alikikalisha kitabu mezani taratibu, akakisawazisha na ukingo.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema hatimaye. "Ningesoma polepole." Akafika mlangoni, akageuka. "Na nimemsingizia mzee wa watu. Nilisema kaogopa."

Alipotoka, Mizani alikaa akitazama ile nakala. Redio alikuwa amesoma maneno yaleyale aliyoyasoma yeye. Kwake yalikuwa uoga wa mtunzi kwa sababu yalilala kwenye kigari cha riwaya. Kwake yeye, Mizani, yalikuwa nini? Akajijibu kwa ukweli: yalikuwa kosa. Alikuwa ameyasoma kama hati iliyo na taarifa isiyo sahihi, kalamu mkononi. Hakuna rangi ya kusoma namna hiyo, lakini ndivyo alivyokuwa amekibandika.

Saa ya chakula wenzake walipotoka, akafunga mlango, akaisoma sura ya mwisho polepole.

Kitanda kinahamishiwa dirishani. Vema, hilo ni la mtu yeyote aliyelazwa wodini upande wa ukuta. Mlango unapakwa rangi ya maziwa, na fundi anapima kwanza kama bawaba zimelegea. Hilo ni la baba, bila shaka. Kisha linakuja pazia, na hapo Mizani akarudi nyuma, akasoma tena.

Kitambaa kilinunuliwa upana mara mbili ya dirisha, ili marinda yashuke yenyewe bila kubembelezwa. Kililowekwa, kikafuliwa na kuanikwa kabla mkasi haujakigusa, kwa sababu kitambaa kisichofuliwa ni mgeni, hakijaonyesha tabia yake. Maua yote yalitazama juu, hata pale vipande viwili vilipokutana. Upindo wa chini uliachwa mpana, ukakunjwa mara mbili, ili siku dirisha likipanuliwa pazia nalo liweze kukua.

Mizani akakiweka kitabu chini.

Baba yake hakujua mambo haya. Hilo lilikuwa jambo la hakika, si hisia. Katika maisha yake yote ya ndoa mzee aliita kila kitu kinachovalika "kitambaa" na pini aliziita "misumari midogo". Mara moja alifungua upindo wa suruali akidhani ni mshono wa akiba uliosahauliwa, akaenda kazini anaburuza. Mtu huyo hangeweza kubuni upindo uliokunjwa mara mbili. Na yale ya kitambaa mgeni, Mizani aliyajua yalikotoka. Alikuwa msichana alipokata sketi yake ya kwanza bila kufua kitambaa. Ilipofuliwa mara moja tu ikamfaa mtoto wa jirani. Mama hakumgombeza. Aliinua ile sketi kwenye kidole kimoja, akasema, "Mgeni huyo. Ulimkata kabla hajaonyesha tabia."

Katika kazi yake aliwahi mara chache kukuta kitabu ambacho jalada linasema mwandishi ni mmoja lakini sentensi zinasema ni wawili. Kuna namna ya kujua. Unatafuta mtu anayejua kitu ambacho aliyetajwa hawezi kukijua.

Jioni, kazi ilipokwisha, hakwenda kwake. Alikwenda nyumbani kwa baba yake.

Kabla hajabisha aliuona mlango. Ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa, mpya, na harufu ilikuwa bado haijaondoka. Hakubisha. Alizunguka hadi uani, akamkuta mzee ameinamia beseni, mikono ya kukazia mabomba inakamua kitambaa chenye maua kana kwamba kinavuja.

"Usikikamue hivyo," Mizani alisema. "Kitapinda."

Mzee alishtuka, kisha akamkabidhi ncha moja. Wakakishika huku na huku, wakakikung'uta, wakakianika kambani. Maji yakawanyunyizia nguo wote wawili.

"Baba. Sura ya mwisho si yako."

Alikuwa anabana kibanio. Akaendelea kukibana kwa muda mrefu kuliko kibanio kinavyohitaji.

"Umejuaje?"

"Upindo."

Mzee akaguna, na kuguna kule kulikuwa karibu na kicheko. "Nilijua utaniumbua na vitambaa. Ni yake yote. Ulikuwa unakuja asubuhi kabla ya kazi, mimi nakuja jioni. Kila jioni ananipa kipande. Leo kitanda. Kesho mlango. Pazia lilichukua siku kadhaa, maana nilikuwa sielewi, anarudia. Mimi nasikiliza tu. Nilikuwa nasahau kama tuko wodini."

"Mimi asubuhi alinipa homa imefika wapi," Mizani alisema taratibu. "Na daktari kasema nini. Na dawa ipi inamchafua tumbo."

"Ndiyo."

"Hakuniambia pazia. Hata mara moja."

Mzee alijifuta mikono kwenye shati. Alikuwa akitafuta namna ya kusema ambayo haitakata.

"Nilimwuliza. Nikamwambia, mwambie na mtoto, afurahi. Akasema hapana. Akasema, 'Mwanangu nikimwambia haya atanisahihisha. Na atakuwa sahihi. Halafu nitabaki na nini? Wewe niachie hadithi, yeye nimwachie ukweli, kila mtu abebe anachoweza.'"

Kitambaa kilidondosha maji. Mizani alisimama kando yake, na machozi yalipomtoka aliyaacha yatoke, kwa kuwa hayakuwa na kosa lolote.

"Mbona hukuandika 'alisema'?" aliuliza baadaye, wameshakaa kizingitini. "Alisema tutahamisha kitanda, alisema tutapaka mlango. Ingekuwa kweli tupu. Ningekibandika kahawia siku ileile."

"Nilijaribu. Alisema hivi, akasema vile. Nikaisoma, nikaona kama maelezo ya polisi. Unamsikia askari anauliza, 'Marehemu alitamka nini tena?'" Akatikisa kichwa. "Haikuwa sauti yake. Yeye hakuwa anasema 'tutafanya'. Alisema kama mtu anayekiona."

Mizani alifikiri. Kisha akasema kwa utulivu, kama anavyoeleza kanuni kwa mgeni wa kazi:

"Kwenye kadi ya kila kitabu kuna mahali pa wahusika na mahali pa mwandishi. Mhusika anaweza kubuniwa. Mwandishi hawezi. Hata akijificha nyuma ya jina la uongo, kuna mkono ulioandika au mdomo uliosimulia. Sura ile mama aliitunga. Kwa hiyo yeye ni mtunzi, na lazima aandikwe."

"Akiandikwa mtunzi..."

"Alikuwepo."

"Hata kwenye kijani?"

"Hasa kwenye kijani. Kule ndani kila mtu ni wa kubuni, isipokuwa yeye."

Mzee alilitazama pazia lililokuwa bado halijawa pazia. Midomo yake ilijaribu jambo hilo kimyakimya.

"Angecheka," alisema. "Fundi cherehani mtunzi wa riwaya."

"Lakini sikulazimishi. Uliyoyaandika wewe ni kweli, na kwamba yeye aliyasema hayo mengine nayo ni kweli. Nikieleza hivyo kwenye kadi, naweza kuweka kahawia na kanuni isivunjike. Chagua wewe, baba. Nitakibandika utakavyosema."

Jirani alifungua bomba mahali fulani, na masikio ya mzee yalilifuata hadi likafungwa vizuri.

"Yeye alitaka niamini hadithi," alisema. "Weka kijani. Ila jina lake litangulie."

"Aliyeandika sura nyingi ndiye hutangulia."

"Unaona? Unaona kwa nini hakukwambia?"

Wakacheka, wote wawili, hadi Mizani akaegemea ule mlango wenye rangi mpya, akakumbuka kuwa ni mpya, akaruka.

"Basi la pili," mzee alisema alipopata pumzi. "Hata mlangoni kwa watu nilitangulia mimi. Lakini pa kwenda alikuwa ameshaniambia yeye."

Asubuhi Mizani aliandika kadi upya. Mwandishi: baba yake, na chini yake mama yake, herufi za ukubwa uleule. Alichapa kipande cha karatasi chenye majina yote mawili, akakibandika kwa uangalifu kwenye ukurasa wa ndani wa kila nakala. Kisha akachukua kibandiko cha kijani, akapima vidole viwili, akakibandika.

Mzee alikuja siku hiyohiyo. Redio alimpokea kwa heshima kubwa na maneno mengi, akamwomba radhi kwa jambo ambalo mzee hakulielewa, akamsindikiza hadi rafu ya riwaya. Kitabu cha kijivu kilisimama kati ya viwili vinene vyenye majalada ya kung'aa.

"Usikiguse sana," Mizani alisema nyuma yake. "Gundi bado mbichi."

Baba yake aliinama. Alipitisha kidole chini ya kibandiko, kutoka upande hadi upande, akakiinua kidole kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama.

"Pakavu," alisema.